Aliyekuwa Akipanga Bei ya Kahawa Aliondoka 1989

Mwezi uliopita nilipanda Kibosho kwenye kipaimara cha mtoto wa binamu yangu. Mbege ilishazunguka mara mbili, ndafu bado imesimama mezani na majani mdomoni, MC anawasema vijana kwa suruali zao. "Huu ndio utandawazi, wazazi!" Watu wakaangua kicheko. Nikanyamaza. Kwa ma-MC wa Moshi utandawazi ni suruali, simu na binti anayejibizana na mama yake, nimeshazoea. Ila mjomba wangu, aliyekaa pembeni yangu na kata yake ya mbege, akaidaka hapo hapo: "Na ndio ulioua kahawa. Wazungu wanakaa huko London wanapanga bei, sisi kazi yetu kupokea. Wewe si unafanya kazi nao? Waambie basi."

Mimi ni mwonja kahawa. Navuta kijiko, nazungusha mdomoni, natema, naandika, naenda kikombe kinachofuata. Maneno hayo ya mjomba nimeshaambiwa msibani, kwenye Noah ya Marangu, nje ya kanisa, na mara moja na daktari wa meno nikiwa nimeachama siwezi hata kujibu. Kwenye sherehe hubishani na mkubwa, nikasema, "Sawa, mjomba." Hapa hakuna ndafu ya kunyimwa, kwa hiyo naandika.

Neno lenyewe kwanza, haraka haraka. Vitu kusafiri tu hakujawa utandawazi wa kiuchumi. Ingekuwa hivyo, kihamba cha mjomba, yaani shamba lake la nyumbani, kingekuwa utandawazi mtupu tangu enzi za mababu: migomba asili yake Asia, mahindi na maharage Amerika, na mibuni asili yake Ethiopia, wamisionari Wakatoliki wakaipanda huku mlimani mwishoni mwa karne ya 19. Mwenyeji halisi pale labda ni masale, ule mmea wa mpakani. Utandawazi wa kiuchumi unaanza bei zinapofungwa kamba moja, mpaka jambo lililotokea kwenye shamba la mtu usiyemjua linabadilisha thamani ya debe lako kabla hujalivuna.

Julai 1975 jimbo la Paraná, Brazil, lilipigwa na jalidi, ile baridi inayogandisha umande juu ya jani. Mibuni iliungua ikawa myeusi kama iliyopitiwa na moto. Kufikia 1977 ratili moja ya kahawa (kama gramu 450) New York ilivuka dola 3. Mwaka huo huo mjomba aliezeka nyumba yake kwa bati, na mpaka leo anaisimulia kama hadithi ya jasho lake. Jasho lilikuwepo, sikatai. Ila bati lile lililipiwa na mibuni iliyoungua Paraná, na hakuna mtu wa Paraná aliyekuwa na simu ya mkononi wakati huo.

Sababu za utandawazi nazipita, ziko kwenye kila daftari la sekondari: reli (ya kutoka Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza), nyaya za chini ya bahari, kontena ambazo Malcom McLean alizipakia 58 kwenye meli ya Ideal-X mwaka 1956, mapatano ya ushuru wa forodha kuanzia GATT ya 1947 hadi WTO ya 1995, halafu nchi moja baada ya nyingine kufungua milango. Kwetu mlango wa kahawa ulifunguliwa msimu wa 1994/95, wafanyabiashara binafsi walipoanza kununua kahawa kwa mkulima. Simu imekuta ngoma ishakolea.

Sasa bei. Hapa naomba mnivumilie.

Kwenye chumba chetu cha kuonjea kuna meza, vikombe, birika la maji ya moto, na skrini ndogo ukutani. Kila siku ya kazi, karibu na saa sita mchana, soko la New York linapofunguliwa, namba zinaanza kucheza, na vijana wa ofisi ya pili wanaacha utani. Pale arabika, aina ya kahawa tunayolima huku mlimani, inauzwa kwa senti za dola kwa ratili. Mkataba mmoja ni ratili 37,500, yaani tani 17. Kahawa yetu iliyooshwa imo kwenye orodha ya kahawa zinazokubalika kukabidhiwa chini ya mkataba huo, kwa hiyo soko hilo si la majirani, na sisi tumo ndani. Mnada wa Moshi unahesabu dola kwa kilo 50. Kilo 50 ni ratili 110 na ushee. Senti moja ikipanda New York, ni dola 1.10 kwa kila kilo 50 hapa. Ikishuka, vivyo hivyo. Juu ya hapo, au chini yake, inakuja difarensho, nyongeza au punguzo la ubora: hii ni AA, punje kubwa, hii ni PB, punje ya mviringo, hii ina uchachu mzuri wa limau, hii ilichachuka kwenye tenki mpaka inanuka kitunguu. Kijiko changu kina kauli hapo tu. Ninaweza kukutetea kwa dola kadhaa. Siwezi kukutetea dhidi ya mvua ya Brazil.

Nani basi anapanga? Kuna mwoka kahawa wa Ujerumani anayenunua leo mzigo wa miezi sita ijayo, kuna mkulima wa Minas Gerais, Brazil, anayeuza mavuno ambayo bado ni maua, kuna meneja wa mfuko wa fedha ambaye hataki kuona hata punje moja, anataka tu bei ipande au ishuke kama alivyobashiri. Kila mmoja anasukuma kidogo. Huyo wa mwisho ananikosesha usingizi, nakiri. Wenzangu wanasema anasaidia soko kuwa na wanunuzi wakati wote. Kuna siku namba inaruka senti kumi bila tone la mvua kupungua popote, na siku hizo siwaamini.

Lakini wivu wa kudhani tunaonewa sisi binafsi uishe. Tanzania nzima, Kilimanjaro na Mbinga na Mbozi na Kagera tukijumlishwa, hatufiki asilimia moja ya kahawa ya dunia. Brazil peke yake ni kama theluthi. Hakuna aliyekaa London akasema, "Tumfanyeje huyu wa Kibosho?" Hawajakufikiria kabisa, mjomba, na sijui kama hiyo ni habari njema.

Na hapa ndipo penye jambo linaloniudhi kuliko yote. Mjomba hajakosea kisa. Amekosea tarehe.

Kuanzia 1962 kulikuwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Nchi zinazolima na nchi zinazokunywa, Marekani ikiwemo, zilikaa pamoja zikagawana mafungu: wewe utauza magunia kadhaa, wewe kadhaa. Shirika lenyewe lilikuwa na makao yake, ndiyo, London. Miaka ya 80 walilenga bei ibaki kati ya senti 120 na 140 kwa ratili. Ikishuka wanabana mafungu, ikipanda wanalegeza. Watu walikaa kwenye viti, wakanywa chai pengine, wakapanga bei ya kahawa ya mjomba. Na hiyo ndiyo enzi anayoililia kila akishika kata! Enzi ya ada za shule kulipwa kwa kahawa, ya malipo ya pili kutoka chama, ya mabinti kuolewa mwezi wa kumi na mbili kwa sababu fedha ipo.

Julai 1989 mafungu yalisimamishwa. Vita baridi ilikuwa inafifia na Marekani haikuona tena sababu ya kubembeleza nchi maskini kupitia kahawa, Brazil haikutaka fungu lake liguswe, wanywaji walitaka arabika laini nyingi zaidi kuliko mafungu yalivyoruhusu. Ndani ya miezi michache bei ilikuwa chini ya senti 80. Kisha Vietnam, ambayo miaka ya 80 hakuna aliyeihesabu, ikapanda robusta, ile aina nyingine ya kahawa, mpaka kufikia mwanzo wa karne hii ikawa ya pili duniani. Mwishoni mwa 2001 New York iligusa kama senti 42. Piga ile hesabu yangu: dola 46 kwa kilo 50, na bado hujakoboa, hujasafirisha, hujakatwa ushuru. Hapo ndipo watu waliposhika majembe wakang'oa mibuni ya babu zao wakapanda nyanya. Mjomba aling'oa nusu.

Kwa hiyo kahawa iliporomoka baada ya wapangaji kuondoka. Ukisema "utandawazi" kwa maana ya soko lililoachiwa, sawa, umepatia. Ukisema "wanapanga", unamlaani mtu aliyekuwa anakushikia ngazi.

Je, nataka mafungu yarudi? Hapa nayumba, na nimewahi kutetea pande zote mbili ndani ya wiki moja. Enzi ile bei ya dunia ilikuwa nzuri, ila fedha ilipita kwenye bodi, chama kikuu, benki na shilingi iliyopewa thamani isiyokuwa yake, kila mlango ukabaki na chake. (Na kati ya 1976 na miaka ya mwanzo ya 80 vyama vikuu vyenyewe vilifutwa. KNCU ya 1933, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, iliyokuwa fahari ya mlima, ikakosa jina kwa amri.) Baada ya kufunguliwa, mkulima alipata sehemu kubwa zaidi ya bei ya dunia, na bei ya dunia ikawa imenywea. Kipande kikubwa cha chapati ndogo. Vitabu vinapenda kuchagua upande mmoja. Mimi nikiangalia risiti za mjomba za enzi zote mbili sioni mshindi.

Wala kazi yangu hainipi utabiri. Mwaka 2011 bei ilikuwa imegusa dola 3 kwa ratili, ikaanza kuteremka. Viongozi wa chama cha msingi kimoja wakanijia na sampuli zao, kahawa safi kabisa, wakaniuliza: tuuze au tungoje? Nikavuta kijiko, nikajiona mkubwa, nikasema ngojeni, itarudi. Wakangoja. Katikati ya 2012 ilikuwa karibu na senti 155, na kahawa yao nilipoionja tena ilishaanza kuwa na ladha ya gunia. Mwenyekiti wao hunisalimia mpaka leo, kwa heshima, ambayo ni mbaya zaidi kuliko kunitukana.

Madhara yenyewe yana vichekesho vyake. Japani wanaipenda sana kahawa yetu, na kule sheria zao za biashara zinaruhusu arabika ya Tanzania iitwe "Kilimanjaro" ilimradi haitoki Bukoba. Mmatengo wa Mbinga, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara kutoka hapa, analima, anavuna, anaosha, na Tokyo inakunywa Kilimanjaro. Nimemwambia mjomba akakasirika kwa niaba ya mlima. Nilivyomuuliza kama yuko tayari kumlipa Mmatengo kwa kulitangaza jina letu, akabadilisha mazungumzo.

Na tafadhali, yule wa "kikombe kimoja Ulaya ni bei ya kilo yangu" asinitumie tena hiyo picha ya risiti. Kikombe kile kina pango la duka, mshahara wa msichana, maziwa na umeme. Kahawa humo ni gramu kumi na kitu. Ukitaka fedha ya kikombe, fungua mgahawa, usitafute kwenye kahawa ya maganda.

Februari 2025 New York ilivuka dola 4, jambo ambalo halikuwahi kutokea: ukame Brazil, hofu, magodauni matupu. Dola 440 kwa kilo 50. Kwenye daladala hakuna aliyetaja utandawazi wiki ile. Walisema Mungu ametukumbuka.

Juzi nikapanda tena Kibosho kumrudishia mjomba sufuria za sherehe. Nikamkuta amesimama mpakani mwa kihamba chake, kwenye masale, mikono kiunoni. Kijana wa chama cha msingi alikuwa anazunguka kwa miguu, simu ameiinua mbele kama anayetafuta mtandao, anasimama kila pembe. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023: kahawa itakayoingia kwao lazima ijulikane imetoka shamba gani, na shamba hilo lisiwe limefyeka msitu baada ya mwisho wa 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawangoji. Kwa shamba dogo kama la mjomba kanuni inaridhika na nukta moja tu kwenye ramani. Mnunuzi wa chama chao anataka mzunguko mzima.

"Anapima nini huyu?" mjomba akaniuliza. "Anataka kuniuzia kwa nani?"

Nikamweleza. Nikamwambia kihamba chake kitaonekana kwenye kompyuta huko Hamburg, migomba, mibuni, banda la ng'ombe na vyote. Akamtazama kijana akirudi kwenye masale ya mwisho, simu ikalia mlio wa kumaliza, mchoro mdogo wa kijani ukajifunga kwenye kioo, umekaa kama kiatu.

Mjomba akanigeukia. "Sasa," akasema, "si nilikwambia utandawazi ni simu?"