Riwaya ya mashoga iliyosomwa na mji mzima kabla ya kwenda kazini

Kazi yangu ni riwaya za mfululizo, zinazotolewa kipande kwa kipande: kuzisoma, kuzifumua na kutazama mshono umepita wapi. Wanaoanza kuandika huniuliza sana mhusika shoga aingizwe vipi kwenye hadithi ya watu wote bila msomaji kuitupa. Nadharia siwapi. Nawapeleka San Francisco, Mei 1976, kwenye gazeti la San Francisco Chronicle.

Hapo ndipo mwandishi Armistead Maupin alipoanza kutoa riwaya yake Tales of the City, siku tano kwa wiki, kila kipande maneno kama 800. Mwaka 1974 alikuwa ameigusa hadithi hiyo katika gazeti la wiki, Pacific Sun, lakini haikudumu. Kwenye gazeti la kila siku ndiko iliposhika moto, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: msomaji wa gazeti hakuichagua. Alinunua habari, michezo na hali ya hewa, hadithi akaikuta humo. Kitabu cha mashoga angekipita dukani bila hata kugeuza shingo.

Tazama Michael Tolliver, mhusika wake shoga, anavyoingia. Mary Ann Singleton, binti mgeni kutoka Cleveland, amekwenda supamaketi ya Safeway, mtaa wa Marina, mahali palipojulikana kwa watu kutafutana wachumba. Anaongea na mwanamume mtanashati, mambo yanakwenda vizuri, moyo unaanza kupanda. Mara anatokea kijana mwingine, na kumbe yule mtanashati ni wake. Huyo kijana ndiye Michael. Msomaji anacheka na Mary Ann, anamwonea huruma, na kabla hajakaa sawa ameshamzoea mtu ambaye pengine asingemkaribisha nyumbani kwake. Hakuna aya inayoeleza ushoga ni nini, wala mwandishi hasafishi koo kwanza. Baadaye Mary Ann na Michael wanajikuta wapangaji wa nyumba moja, 28 Barbary Lane, kwa mama mwenye nyumba aitwaye Anna Madrigal, anayelima bangi bustanini na kumkaribisha mpangaji mpya kwa msokoto uliobandikwa mlangoni.

Wahariri walishtuka, ndiyo. Maupin mwenyewe husimulia kwamba ofisini kulikuwa na chati ya wahusika, safu ya mashoga huku na safu ya wengine kule, ili mashoga wasizidi theluthi moja. Akajibu kwa kuandika mbwa mkubwa wa mama mmoja tajiri anayeupanda mguu wa mwanamke, kisha akadai mbwa huyo aongezwe kwenye safu ya wasio mashoga. Napenda sana kisa hiki, maana kinaonyesha mwandishi wa mfululizo anavyopigana na mhariri wake: silaha yake ni kipande cha kesho.

Sasa tuje kwenye msuko, ambao wahakiki wengi waliudharau kwa kuwa ni wa tamthilia za televisheni. Mary Ann anaanza uhusiano na Beauchamp, mwanamume mwenye mke. Mkewe ni DeDe, binti wa Edgar Halcyon, na Edgar ndiye bosi wa Mary Ann. Beauchamp huyohuyo anakutana kwa siri na mwanamume aitwaye Jon Fielding, ambaye ni daktari wa wanawake, na mgonjwa wake mmoja ni DeDe. Jon huyo ndiye anayekuja kupendana na Michael. Na Edgar, mzee mwenye heshima zake, anampenda Anna Madrigal. Sadfa juu ya sadfa! Lakini fikiri: tamthilia huishi kwa siri, na katika mji ule mwanamume aliyeoa huku akipenda wanaume alikuwa na siri tayari, mwandishi hakuhitaji kumbunia. Watu waliojificha hupita milango ileile na kukutana mahali palepale. Sadfa za Maupin nyingi zina mantiki hiyo chini yake. Nyingine hazina, na ukizisoma haraka husumbuki.

Siri kubwa ni ya Anna, na inafichuka katika kitabu cha pili, maana vipande hivyo vilikusanywa kuwa vitabu: alizaliwa akahesabiwa mwanamume. Kufikia hapo msomaji ameshakaa naye miezi na miezi na kumpenda, na hawezi tena kuyarudisha nyuma mapenzi hayo. Riwaya nzima iliyosomwa kwa wikiendi moja haikupi muda huo.

Kipande kilichopiga kwa nguvu kuliko vyote kilitoka 1977. Mwimbaji Anita Bryant, aliyekuwa pia sura ya matangazo ya maji ya machungwa ya Florida, aliongoza kampeni ya kufuta sheria iliyowalinda mashoga dhidi ya ubaguzi katika kaunti ya Dade, na Juni mwaka huo akashinda. Maupin akawafanya wazazi wa Michael, wakulima wa machungwa wa Florida, waiunge mkono kampeni hiyo. Michael anamwandikia mama yake barua na kumwambia ukweli. Wazazi wa Maupin huko North Carolina walikuwa wakiufuatilia mfululizo. Barua ya Michael ndiyo iliyowafikishia habari kwamba mwana wao naye ni shoga.

Halafu UKIMWI ukaja. Mfululizo uliochapishwa 1983, ambao baadaye ukawa kitabu Babycakes, unaanza Jon akiwa ameshafariki. Hatuoneshwi kitanda cha hospitali. Tumeachana naye hai, tunarudi hayupo, na Michael anaendelea kuhesabu siku. Katika kitabu Sure of You cha 1989 Michael ana virusi, na kifaa kidogo humlilia kila baada ya saa nne ameze AZT, dawa ya kupambana na virusi hivyo, hata akiwa katikati ya maongezi. Kitabu hicho hakikupitia gazetini, na kwangu kinaonekana hivyo: sadfa zimepungua, hasira imezidi, Mary Ann amepoteza huruma ya mwandishi. Wengi hukiona bora. Mimi hukosa zile sentensi za mwisho wa sura zilizokuwa zikikushika hadi kesho yake.

Leo mfululizo umehamia mtandaoni. Jukwaa la Jinjiang la China, lililoanza 2003, hutoa riwaya za mapenzi ya wanaume sura kwa sura, msomaji akilipia anavyosonga mbele, na waandishi na wasomaji wengi ni wanawake. Ufundi wa kukatisha sura wanao, pengine kumshinda Maupin. Ila kila hadithi ina lebo, na anayeifungua anajua alichokuja kutafuta. Kwa hiyo wanaoandika huko nawaambia wasipoteze sura tatu kumtetea mhusika wao mbele ya watu wasiokuwepo. Anayetaka kumfikia msomaji aliyekuja kusoma habari za mpira atafute ukurasa ambao msomaji huyo anaufungua kila asubuhi.