Kabla Hujamleta Nyumbani Samaki "Msafishaji"

Mama mmoja wa Ilazo, hapa Dodoma, alituita ofisini kwetu, ofisi ya ushauri wa ufugaji samaki, akitaka tukamtazamie samaki mgonjwa. Miaka miwili kabla alikuwa amenunua samaki wadogo wawili, kila mmoja urefu wa kidole, baada ya muuzaji kumhakikishia kuwa watakula utando wote wa kijani na hatasugua kioo tena. Nilipofika, mmoja alikuwa amekufa. Aliyebaki alikuwa na urefu wa rula ya shule, ameng'oa mimea yote, na kioo kilikuwa kijani vilevile.

"Mtaalamu, huyu amegoma kazi," akaniambia.

Hakuwa mgonjwa wala hakuwa amegoma. Alikuwa amekua, na tanki lilikuwa la lita 54.

Madukani huitwa msafishaji. Wafugaji wazoefu humwita pleko. Ni jamaa wa mbali wa kambare wetu, ila badala ya ngozi tupu amevikwa safu za vibamba vya mfupa kama deraya, na mdomo wake uko chini ya kichwa, umeumbwa kunyonya na kung'ang'ania jiwe mahali maji yanapokwenda kasi. Kwao ni Amerika ya Kusini, kwenye mito kama Amazon na Orinoco. Ukoo wake, Loricariidae, una aina zaidi ya 900, na baadhi hazizidi urefu wa kidole hadi uzeeni. Lakini wale wa bei nafuu wenye madoadoa mara nyingi ni wa jenasi Pterygoplichthys au Hypostomus, na hao hufika sentimita 40 hivi. Akitunzwa vizuri ataishi miaka 10 hadi 15, pengine zaidi. Mtoto wako anayeanza darasa la kwanza leo anaweza kumaliza kidato cha nne akamwacha pleko bado yupo sebuleni.

Sasa tupige hesabu, maana Dodoma maji ni hesabu. Pleko mkubwa anahitaji tanki la urefu wa mita moja na nusu, upana na kina cha sentimita 60. Hilo linabeba lita 540, yaani zaidi ya nusu tani ya maji kabla hujaongeza kioo, mchanga na mawe. Meza ya televisheni haiwezi. Fundi akuchomelee stendi ya chuma, nayo ikae juu ya sakafu ya zege. Kila wiki ubadilishe karibu theluthi ya maji. Hapo unazungumzia madumu manane au tisa ya lita 20, wiki baada ya wiki, hata wiki ya mgao. Maji machafu ya tanki usiyamwage bure: yana mbolea, na mchicha wa uani unayapenda. Nimeona familia zinazoziweza hesabu hizi bila shida. Nimeona pia nyingi zaidi ambazo hakuna aliyewaambia.

Kwa nini maji yote hayo? Kwa sababu samaki huyu anakula sana na kunya sana. Akiwa mdogo hukwangua mwani, yaani ule utando wa kijani, kweli, lakini kadiri anavyokua ndivyo anavyouacha na kusubiri chakula cha kudondoka. Kinyesi chake huzalisha amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye filta huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitrati, ambayo inavumilika kwa kiasi na kuondolewa unapobadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Ukinunua tanki Jumamosi na samaki Jumamosi hiyohiyo, unamwogesha kwenye mkojo wake. Na filta isuguliwe kwa maji ya tanki yaliyotolewa, kamwe si ya bomba, kwani klorini huua bakteria hao.

Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi kwa saa 24, ikiwezekana na pampu ya hewa, klorini iondoke. Watu huniuliza kuhusu ugumu wa maji yetu ya visima, haya yanayoacha ukungu mweupe ndani ya birika. Pleko wa kawaida huyavumilia. Shida kubwa zaidi ni baridi. Wageni hudhani Dodoma ni joto mwaka mzima. Mwenyeji anajua usiku wa Juni na Julai kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100. Pleko anataka nyuzi 23 hadi 28. Weka hita, na uifunike kwa kizuizi cha plastiki, maana dume kubwa likishtuka hupiga mkia na kuvunja kioo cha hita. Hapo umeme na maji vinakutana. Chomoa kila kitu kabla ya kuingiza mkono.

Umeme ukikatika, pleko huwa wa mwisho kufa. Oksijeni ikipungua hupanda juu, humeza hewa na kuivuta kupitia ukuta wa tumbo lake. Huu ni uwezo wa kustaajabisha, ila unampumbaza mfugaji: samaki wengine wanakufa, pleko anapumua, naye anasema maji ni mazuri.

Mlishe usiku taa zikizimwa, kwani mchana hujificha. Ukimmulika ghafla utaona kipande cha duara la rangi la jicho kikishuka juu ya mboni kama pazia dogo. Ni jambo zuri kuwaonyesha watoto, mara moja tu. Mpe vipande vya tango, boga lililochemshwa kidogo, mchicha, na tembe za samaki wala majani. Maini na nyama acha. Masalio yatolewe asubuhi. Anahitaji pia kipande cha gogo gumu, kilichochemshwa hadi maji yasibadilike rangi, cha kujificha na kukwangua. Usitumie mwarobaini, una kemikali zinazodhuru samaki. Asikae na samaki wa dhahabu: akiwa na njaa huwabandikia mdomo ubavuni na kunyonya ute wao. Na ukimhamisha, tumia beseni. Miiba ya mapezi yake hunasa kwenye wavu, na akishaitanua, utakata wavu au utamuumiza.

Jambo linalonikosesha usingizi liko nje ya nyumba. Mama yule wa Ilazo aliniuliza kama angemwachilia kwenye bwawa la Hombolo, "akale vizuri." Aliuliza kwa huruma kabisa. Nilimweleza kuwa dume la pleko huchimba shimo kwenye ukingo wa maji, lenye kina cha mita moja hivi, jike litage humo. Florida na Meksiko kingo zimebomoka kwa mashimo ya namna hiyo. Sisi huku kati maji yetu yanakaa nyuma ya kuta za udongo: malambo ya mifugo, na bwawa la Hombolo lenyewe la tangu miaka ya 1950. Likifurika, maji yake huingia mto Kinyasungwe, kisha mto Wami hadi Bahari ya Hindi. Kwenye bwawa la Infiernillo, Meksiko, lililokuwa na sato wengi, nyavu za wavuvi zilianza kuvuta pleko badala ya sato. Afrika Kusini tayari wamo kwenye mto Nseleni. Na sisi tuliomwona sangara akipandikizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 hatuhitaji kusimuliwa samaki mgeni anaweza kufanya nini.

Kwa hiyo ukishindwa naye, mrudishe dukani, au tafuta hoteli au taasisi yenye tanki kubwa, au njoo ofisi ya uvuvi ya halmashauri yako. Asipopata pa kwenda kabisa, mtaalamu humlaza kwa mafuta ya karafuu kwenye ndoo, akafa bila kuhangaika. Usimtupe jalalani akiwa hai ukidhani atakufa haraka. Amepimwa akadumu nje ya maji kwa saa nyingi.

Yule wa Ilazo alipata nafasi kwenye tanki kubwa la ukumbi mmoja wa wageni mjini. Tulimbeba kwenye beseni la kufulia, limefunikwa kwa khanga. Mama akabaki na tanki lake la lita 54, na siku hizi anasugua kioo mwenyewe, kila Jumapili, kwa kadi ya simu iliyokwisha matumizi.