Eti diplomasia inaanza risasi zikiisha? Hapana

Juzi stejini kwa bodaboda huku Kampala jamaa mmoja anabisha kabisa, eti vita ni vita, mazungumzo baadaye. Sasa barabara anayopita kila siku kwenda Jinja ndo inamkatalia. Aprili 1979 jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliompinga Idi Amin wakiikaribia Kampala, Nyerere aliagiza hiyo barabara ya mashariki iachwe wazi makusudi, wanajeshi wa Libya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin wapate pa kutokea, maana adui ukimbana kila upande atapigana mpaka mwisho, halafu mzee hakutaka ionekane Waafrika wanagombana na Waarabu. Walibya wengi wakatoka huko, Kampala ikaanguka tarehe 11.

Na kabla ya hapo, mwezi wa 3, mizinga bado inalia, Waganda wa uhamishoni walishakaa mjini Moshi, Tanzania, wakaunda UNLF, umoja wa vikundi vilivyompinga Amin, na kumweka Yusuf Lule mbele, ili Amin akitoka kuwe na serikali yenye sura ya Uganda, siyo ya jeshi la jirani.