Kisu hakisambazi uvimbe wa neva
Chamwino na hata Dodoma mjini utaambiwa: uvimbe wa mbwa usiguswe kisu, ukikatwa unasambaa. Imani hii ina chanzo. Uvimbe wa ala ya neva, yaani utando unaofunika mshipa wa fahamu, hutambaa kufuata neva kuelekea uti wa mgongo, mara nyingi kabla mwenye mbwa hajashtuka. Ukikatwa nusunusu, huota tena palepale, na lawama hupewa kisu. Kufika mapafuni hutokea, ila si mara nyingi, na kisu si chanzo chake.

Mara nyingi uvimbe huu huanzia kwapani. Mbwa wa kuchungia mbuzi anachechemea mguu mmoja wa mbele, anadhaniwa kateguka. Miezi inapita, nyama za bega zinakonda mpaka mfupa unashikika, na ukimbonyeza kwapa analia.

Hapo daktari wa mifugo anaweza kushauri mguu wote uondolewe, hata kama kupona kabisa hakutarajiwi. Kinachotafutwa ni nafuu ya maumivu, na hilo si jambo dogo. Wenye mbwa hushtuka kuliko mbwa wenyewe. Mbwa wengi hutembea kwa miguu mitatu ndani ya siku chache. Mbwa mwenye viungo vibovu kwenye miguu iliyobaki ndiye upasuaji huu haumfai. Huyo apewe dawa za maumivu ya neva, kama gabapentini.