Kabla skuli haijashuka pwani kupanda mikoko

Kila inapokaribia Julai 26, Siku ya Kimataifa ya Mikoko, skuli nyingi za Zanzibar hutaka kupeleka wanafunzi pwani. Nia hiyo tunaipokea kwa mikono miwili. Lakini miche mingi inayopandwa kwa haraka ya sherehe hufa, na mwanafunzi hubaki akidhani mkoko ni mti wa kuchomekwa tu popote penye tope.

Somo lianze kwa kuitambua miti. Ingieni maji yakishakupwa, mtembee kutoka baharini kuelekea nchi kavu. Mlilana ndio hutangulia mbele, mizizi yake ya kupumulia imechomoza wima kutoka topeni. Nyuma yake kuna aina iitwayo mkoko hasa, yenye mizizi ya matao, kisha msinzi wenye mizizi iliyopinda kama magoti, kisha mkandaa. Mchu huonekana zaidi upande wa juu, ingawa huota pia mbele. Mwambieni mtoto alambe jani la mchu: chumvi atakayoionja imetolewa na mti wenyewe kupitia jani hilo.

Mpangilio huo ndio unaojibu malalamiko ya kila mwaka kwamba "miche yetu imesombwa". Ilipandwa mbele ya mililana, juu ya mchanga au majani ya bahari, mahali ambapo maji hayaondoki muda wa kutosha na mawimbi hayapoi. Uwanda mtupu si dalili kwamba pamekatwa miti! Tafuteni penye visiki au mapengo ndani ya msitu. Na mkikuta miche inayojiotea hapo, msipande, pazuieni pasikanyagwe.

Mbegu ndefu ya mkoko huwa imekomaa pale pete ya rangi ya manjano inapojitokeza chini ya kikonyo, na ukiigusa huanguka. Mbegu ya kijani inayong'ang'ania mtini haijafika. Kofia ya juu isivutwe kwa nguvu, kwani ncha ya chipukizi huvunjika nayo. Yenye tundu la mdudu itupwe. Zilizobaki zikae kivulini, zifunikwe gunia bichi, zipandwe ndani ya siku chache. Theluthi moja ya urefu iingie topeni, upande uliochongoka ukiwa chini. Wapo wanaogeuza kila mwaka. Nafasi ni mita 1 kwa mita 1, hivyo kiwanja cha mita 10 kwa 10 hutosha miche 100, na darasa moja halihitaji zaidi. Miche ya kitaluni ivuliwe viriba kabla ya kufukiwa, na viriba vyote virudi skuli.

Sasa kibali, maana hapa ndipo wengi hukwama. Mwalimu mkuu aandike barua yenye jina la shehia, tarehe, idadi ya wanafunzi, aina ya mikoko na kiasi cha mbegu zitakazookotwa. Barua ipite kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia, na kamati ya uhifadhi ya shehia, ndipo ifike kwa afisa misitu wa wilaya. Kwa Jozani na Ghuba ya Chwaka, au Ngezi kule Pemba, wasilianeni pia na uongozi wa hifadhi husika. Kusema "ni kwa ajili ya watoto" hakuchukui nafasi ya kibali. Misitu yetu inasimamiwa na sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya 1996: anayekata bila idhini, hata boriti moja ya kuonyeshea darasani, anaweza kufikishwa mahakamani na mzigo wake kuchukuliwa.

Kiwanja kipewe darasa maalumu, lirudi baada ya mwezi 1, 3, 6 na 12. Daftari lionyeshe iliyo hai na iliyokufa, na kila iliyokufa iandikiwe sababu: kaa amekata kichwa, magamba ya bahari yameganda shinani, ng'ombe wamekula, mchanga umefukia. Safari inayofuata ipangwe kwa daftari hilo, na barua mpya ya kuomba kibali iambatanishwe nalo.