"Nyekundu haiwekwi friji" na mengine tunayoambiwa Tanga

"Kaka, waini nyekundu haiwekwi friji." Nimeambiwa hivyo na wateja, nimeambiwa na wahudumu wenzangu, na mimi mwenyewe niliwahi kuwafundisha hivyohivyo vijana wapya. Nahudumu kwenye mgahawa wa ufukweni, Raskazone. Wenyeji wengi hawanywi, ila wanaokuja kula kamba na pweza wanaagiza sana, na dhana hii imeniharibia meza nyingi.

Usemi kwamba nyekundu inywewe kwenye "joto la chumba" ulizaliwa Ulaya, enzi nyumba za mawe hazijawekewa mitambo ya kupasha joto. Chumba hicho kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18 hivi. Chumba chetu wakati wa kaskazi ni habari nyingine. Januari moja nilitumbukiza kipimajoto kwenye chupa iliyoshinda kaunta tangu asubuhi: nyuzi 30. Mteja niliyemmiminia alikunja uso, akasema, "Inachoma kama gongo." Hakukosea. Waini ikipata joto, pombe inaruka kwa wingi na kuifunika harufu ya zabibu. Chupa ileile niliiweka kwenye ndoo ya barafu na maji kwa robo saa, nikairudisha mezani. Safari hii hakulalamika.

Kwa hiyo huku pwani nyekundu inaingia friji. Maelekezo ya nje husema dakika 20 zinatosha, lakini wenzetu wanaanzia nyuzi 20. Sisi tunaoanzia 30 tuipe saa moja, hata moja na nusu. Usiilaze humo usiku kucha ukaimimina ikiwa barafu, maana baridi kali huukaza ule ukakasi unaokausha ulimi.

"Nyeupe kadiri inavyozidi baridi ndivyo inavyonoga." Sivyo. Friji huwa kwenye nyuzi 4 hivi, na hapo harufu imelala. Nyeupe inapendeza kwenye nyuzi 8 hadi 12. Yenye mapovu, 6 hadi 8. Kwa upepo wa joto wa barazani kwetu huna haja ya kuisubiri: toa, mimina kidogo kidogo, itapanda yenyewe ndani ya glasi. Baridi kali ina faida moja tu, kuficha ubaya wa waini mbovu. Simsemi mtu.

Waini tamu ya Dodoma nayo ipoze vizuri. Ikiwa vuguvugu inageuka sharubati.

"Barafu tupu inapoza haraka kuliko ya maji." Vipande vya barafu vinaacha mianya ya hewa, ilhali maji yanaikumbatia chupa nzima. Ongeza konzi ya chumvi, maji yatashuka chini ya sifuri bila kuganda.

Halafu kuna wa friza, "dakika tano tu", kisha wanasahau. Waini ya kawaida huanza kuganda kwenye nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani hufika 18 chini. Inatanuka, inasukuma kizibo au inapasua chupa. Nilishamaliza asubuhi nzima nikichokonoa barafu nyekundu katikati ya pweza.

Wengine huogopa kwamba chupa ikipozwa ikapata joto tena imekufa. Mara moja moja haidhuru. Kinachoiua ni kukaa siku kadhaa kwenye joto, kwa mfano buti la gari lililoegeshwa juani. Ukiona kizibo kimeinuka na chupa inanata shingoni, irudishe dukani kabla hujaifungua.