Je, wajua kwa nini anayekwenda kutibiwa nje ya nchi aanze na hesabu ya siku ya kurudi?

Mtu akiamua kwenda kutibiwa nje huuliza mambo mawili kwanza: hospitali gani, na bei gani. Ni maswali ya lazima. Lakini lipo la tatu ambalo mara nyingi hukumbukwa tiketi ikiwa imeshakatwa: nikishashonwa, nitaweza kupanda ndege lini, na nikifika nyumbani ni daktari gani atakayeniangalia? Upasuaji wenyewe huchukua saa chache. Donge la damu, kidonda kutunga usaha, mshono kuachia, hayo huja siku au wiki kadhaa baadaye, na wakati huo daktari aliyeshika kisu yuko bara jingine.

Tuanze na faida, maana zipo na si za kubezwa. Wapo wanaokwenda kwa sababu tiba yao haipatikani kabisa walipo, na wapo ambao foleni ni ndefu kuliko ugonjwa unavyoweza kungoja. Wengine hufuata unafuu wa bei, na hao ndio hutiliwa shaka zaidi, kana kwamba nafuu lazima iwe hafifu. Sivyo. Hospitali za macho za Aravind, zilizoanzishwa na Dk. Govindappa Venkataswamy mjini Madurai, India, mwaka 1976 zikiwa na vitanda 11 tu, zimejenga sifa yake juu ya wingi wa wagonjwa. Chumba cha upasuaji kina vitanda viwili sambamba. Daktari akimaliza kumtoa mtu mtoto wa jicho, anageukia kitanda cha pili, ambako mgonjwa mwingine ameshasafishwa jicho na kutiwa ganzi, huku wauguzi wakimwandaa anayefuata. Tangu 1992 lenzi za kupandikiza zinatengenezwa na kiwanda chao wenyewe. Gharama inashuka, na mkono wa daktari unazidi kuwa mwepesi.

Wingi huo una maana kubwa kuliko bei. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulilinganisha hospitali kwa idadi ya upasuaji mgumu zinaoufanya. Kwa wagonjwa waliokatwa sehemu ya kongosho, karibu 16 kati ya 100 walifariki katika hospitali zilizofanya kazi hiyo kwa nadra sana. Katika zile zilizoizoea, walifariki karibu 4 kati ya 100. Kwa mwenye ugonjwa wa namna hiyo, kusafiri kunaweza kuwa ndiyo njia salama zaidi. Swali la kuuliza ni jepesi: daktari huyu atakayenipasua amefanya upasuaji huu mara ngapi mwaka uliopita? Ithibati ya kimataifa, kama ile ya JCI, shirika la Marekani linalokagua hospitali, ni jambo jema, ila inapima mifumo ya hospitali nzima. Haimpimi daktari mmoja mmoja.

Sasa tupande ndege. Umewahi kuona paketi ya krispi ikivimba angani hadi inataka kupasuka? Hewa ndani ya ndege hushindiliwa, lakini si kufikia kiwango cha ardhini. Abiria huwa kama aliye juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na hapo gesi yoyote iliyofungiwa hutanuka kwa takriban asilimia 30. Mwenye afya njema hupata kelele za masikio tu. Aliyefunguliwa tumbo anaweza kuwa na hewa iliyobaki ndani, na hewa hiyo ikitanuka inavuta mshono wa utumbo ambao haujashika. Hatari zaidi ni kwa aliyetengenezwa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa sababu mara nyingine daktari huacha povu la gesi ndani ya jicho lishikilie retina mahali pake. Povu hilo huchukua wiki kadhaa kuyeyuka, kutegemea aina ya gesi. Likitanuka angani, linaweza kubana mshipa wa damu hadi jicho likapofuka. Ndiyo maana taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, hushauri mtu angoje angalau siku 10 baada ya upasuaji wa kifua au tumbo, na siku 7 hadi 10 baada ya urembo wa uso, pua au kope. Mwenye gesi machoni haruki kabisa hadi daktari athibitishe kuwa imekwisha.

Kisha kuna kukaa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya zaidi ya saa nne ukiwa umekaa huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa mwenye afya njema hatari bado ni ndogo, mtu 1 kati ya 6,000 hivi. Lakini aliyetoka kubadilishwa nyonga au goti si mtu huyo. Damu yake tayari ina mwelekeo wa kuganda kwa wiki kadhaa, na donge likichomoka mguuni likafika kwenye mapafu, linaua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, au pumzi ikikatika ghafla baada ya safari, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Meno nayo yana hesabu yake, na hapa ndipo nasikitika zaidi kuona watu wakiharakishwa. Kipandikizi cha jino ni skrubu ya titani inayoingizwa kwenye mfupa wa taya. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, aliyemwekea mgonjwa wa kwanza mwaka 1965, aligundua kwamba mfupa huota na kushikamana na titani. Kushikamana huko kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi sita ndipo jino la kudumu lifungwe juu yake. Kwa hiyo ukiahidiwa tabasamu jipya kwa wiki moja, uliza ni kazi gani hasa itafanyika. Mara nyingi ni kuchonga meno mazima yaliyokuwa hayana tatizo hadi yabaki visiki, kisha kuyavika kofia. Jino lililochongwa halirudi lilivyokuwa, na kofia hizo zitahitaji kubadilishwa baada ya miaka.

Kuna pia wadudu wasioonekana. Mwaka 2008 huko Uswidi, mkojo wa mgonjwa aliyewahi kulazwa New Delhi ulikutwa na bakteria aina ya Klebsiella yenye kimeng'enya kinachovunja karibu dawa zote kali za jamii ya penisilini. Kimeng'enya hicho kikaitwa NDM-1, na leo kinapatikana duniani kote. Mtu anaweza kubeba bakteria sugu tumboni bila kuumwa hata kidogo. Ukilazwa nyumbani baada ya kulazwa nje, sema mapema hata kama hukuulizwa, ili wakupime na kuwalinda wagonjwa wa jirani.

Mwaka 2023, katika mji wa Matamoros, Mexico, watu waliochomwa sindano ya ganzi mgongoni, wakiwemo waliotoka Marekani, wengi wao kwa upasuaji wa urembo, walipata maambukizi ya kuvu aina ya Fusarium kwenye utando wa ubongo na uti wa mgongo. Kadhaa walifariki. Dalili kwa wengine zilianza na maumivu ya kichwa tu, tena wiki kadhaa baadaye, wakiwa wamesharudi Marekani. Daktari anayemwona mtu huyo anahitaji kujua mambo mawili: alitibiwa wapi, na kwamba alichomwa sindano mgongoni. Asipoambiwa, atatibu kipandauso.

Kuhusu kiungo cha kununua, nasema waziwazi kwamba hilo si la kupimwa faida na hasara. Azimio la Istanbul la mwaka 2008, la wataalamu wa upandikizaji viungo, lililaani biashara hiyo, na anayeuziwa figo hajui afya ya mtoaji wala kama mtoaji aliridhia.

Ukiamua kwenda, tenga pesa ya kukaa muda mrefu kuliko ulioandikwa, na ya msindikizaji. Soma bima yako ya safari hadi mwisho, kwa sababu nyingi hazigusi matibabu uliyopanga mwenyewe wala madhara yake. Kabla ya kutoka wodini, usikubali bahasha yenye barua ya ukurasa mmoja tu. Dai maelezo ya upasuaji, majibu ya maabara, CD ya picha zote, na majina ya dawa kwa jina la asili, si la kibiashara, kwani dawa ile ile huuzwa kwa majina tofauti kila nchi. Kama umewekewa chuma, lenzi, stenti (kibomba kinachoacha mshipa wazi) au titi bandia, omba kile kibandiko kidogo kinachotoka kwenye boksi la kifaa. Kina jina la mtengenezaji, modeli, saizi na namba ya toleo. Miaka 10 baadaye daktari akitaka kukuingiza kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha kwa sumaku kali, au kubadilisha kipande kimoja tu cha goti, kibandiko hicho ndicho atakachokiuliza.

Na kabla ya hayo yote, mwone daktari wako wa nyumbani ukiwa na makisio ya hospitali ya nje mkononi. Mwulize kama atakubali kutoa nyuzi, kukagua kidonda na kuwasiliana na mwenzake wa kule. Akisema hawezi, tafuta atakayeweza kabla ya kulipia chochote. Usipompata, ongeza siku za kukaa kule hadi nyuzi zitolewe na mikono ile ile iliyozishona.